Kiini cha Zamani Usikifute

Juzi dukani kwa fundi wa kompyuta, Darajani, mbele yangu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, kaikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, Bi," fundi alisema.

"Marahaba. Jana nimeikubalia isasishe mfumo, leo imekuwa bubu."

"Kiini kipya cha mfumo, ile programu inayoendesha vifaa vyote, hakielewani na spika. Cha zamani hukukifuta?"

"Sikugusa kitu."

"Basi umesalimika. Usikifute mpaka ukione kipya kinafanya kazi zote."

Ningeimaliza makala hii hapo, kwa ushauri huo, leo ningeitwa mwandishi wa maana. Lakini fundi aliiwasha upya kwa kiini cha zamani, na adhana ya alasiri ilipokwisha nje, sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya mashine: "Bi Mkubwa. We, Bi Mkubwa."

"Marehemu mume wangu," mama alisema bila ya kugeuka. "Alijirikodi mwenyewe, akaitegesha mashine. Kila alasiri huniita."

Sisi tumelelewa tusiitikie mpaka tumjue anayeita, isije ikawa jini. Yeye alimjua. Akaitikia, "Naam," akaiinamia skrini, na sote mle dukani tukasogea, tukingoja marehemu aseme alichomwitia.