Kabureta Niliyouziwa na Mtani Wangu

Nianze na aibu yenyewe, maana nisipoisema mimi wataisema wao na wataitia chumvi. Siku ya harusi ya mpwa wangu Zuhura, asubuhi kweupe, pale njia panda ya Mingoyo, wapakizi wawili wa magunia walinikamata, mmoja kanishika ukosi, mwingine kanikunja mkono nyuma, kanzu yangu mpya imechanika kutoka kwapani mpaka kiunoni na bukta iko nje inaonekana na wakwe, na watu wanapiga kelele kwamba mimi ni mwizi, tena mwizi wa gari langu mwenyewe, gari ambalo ndani yake amekaa bibi harusi analia mpaka wanja umemfika kidevuni. Mwizi wa kweli alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu anajipepea kwa kofia. Jina lake ni fundi Komba. Nimelitaja na nitalitaja tena.

Sasa nirudi nyuma. Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho, kila kitu ruksa, huyu kaleta redio, yule kafungua duka la mitumba, na mimi wa darasa la nne nikawa wakala wa kununua korosho vijijini na mambo yakaninyookea. Mtu mwenye akili angenunua pikapu. Mimi nikanunua gari la mbio la Kitaliano, la zamani, jekundu, milango miwili, fupi kama limepiga magoti, ukikaa ndani makalio yako (samahani lakini ndiyo kweli) yanahesabu kila kokoto la barabara. Lilikuwa la mhandisi mmoja Mtaliano aliyekuja kwa kazi za barabara akarudi kwao akaliacha kwenye banda la shamba la mkonge nje ya Lindi. Usukani wake ulikuwa wa mbao, umeng'arishwa, nilipoushika nikasahau nimeoa. Mke wangu, Mama Shaibu, alilizunguka mara moja tu akaniuliza, "Baba Shaibu, gunia la korosho litakaa wapi?" Nikamwambia hili si gari la magunia. "Haya, ni gari la nini?" Mpaka leo sijamjibu.

Lazima mjue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Jembe langu, baiskeli yangu, sufuria za mke wangu, hata kandambili ninazokwenda nazo msikitini, vyote nimevitia alama, mistari mitatu na nukta, kama ninavyoitia kwenye magunia yangu ili wakinichanganyia nijue. Wananicheka, wacha wacheke. Nilipolipata gari nikachukua msumari nikakwangua alama yangu kwenye kila chuma ambacho mkono ulifika, pamoja na kabureta zake mbili, ubavuni kwa chini, mahali ambapo mtu asiyejua hawezi kutazama. Nilijua spea za gari lile hazipo, na kitu kisichopatikana ndicho kinachoibwa.

Hapo ndipo anapoingia Komba. Alikuwa na gereji yake pale Mingoyo, makuti juu na matairi mabovu chini, na yeye ni Mngoni wa huko Songea, mimi ni Mmwera, kwa hiyo ni watani. Siku ya kwanza tu aliposikia kabila langu alipiga makofi, "Ah, mateka wangu! Babu zangu waliwafukuza babu zako mpaka wakaishia baharini!" Nikamjibu, "Na babu zako walipoyaona maji wakaogopa wakarudi bila kuoga, ndiyo maana hata wewe unanuka girisi." Tukacheka, tukawa hatuachani. Na utani kwetu una sheria zake, wala sikuzitunga mimi: mtani akichukua kofia yako unacheka, unatoa kitu kidogo unaikomboa hapo hapo mbele za watu, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Kwa hiyo mimi niliyemshuku karani wa shamba la mkonge aliyeniuzia gari, niliyemshuku jirani aliyeniazima pampu ya baiskeli, niliyemshuku hata imamu aliponiuliza gari linakula mafuta kiasi gani, mtu mmoja tu sikumshuku. Nilipokwenda bara kukusanya korosho nikamwachia Komba funguo, wiki moja tu, alitazame breki.

Niliporudi, kabureta moja haipo.

"Ilipasuka, mateka wangu," akaniambia, wala hakuinuka alipokaa. "Nimempa kondakta wa basi aipeleke Dar iwe sampuli. Spea ya Mtaliano hainunuliwi kwa maneno."

"Umempa kondakta gani?"

"Sasa unataka kumuoa?"

Nikacheka. Nilicheka, jamani! Nikaanza kumshuku kondakta, nikawa nasimama barabarani kila basi la Dar linapopita nawakagua makondakta usoni mmoja mmoja, wakaanza kunikwepa. Mwisho nikaenda Dar mwenyewe, tukakwama Rufiji kusubiri pantoni, nikafika Gerezani kwenye maduka ya spea miguu imevimba, nikaingia duka hili nikatoka lile, kila ninapolitaja gari wanaitana waje wanitazame. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, hiyo ungeenda kuulizia Roma." Nikarudi na mkebe wa girisi tu, ili nisirudi mikono mitupu.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Komba akaja nyumbani na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akakifungua taratibu kama anafungua kitoto kichanga: kabureta, imepakwa rangi ya fedha mpaka inaumiza macho. "Nimeipata kwa mzee mmoja Gerezani. Nchi nzima imebaki hii. Harusi ya mpwa wako imekaribia, chukua au niirudishe." Msimu wangu mzima wa korosho uliingia kwenye mfuko wake wa ovaroli. Na msidhani sikushuku, nilishuku sana! Niliinusa, niliigeuza, nikamwona kabisa yule mzee wa Gerezani kichwani mwangu, nikajua ameiiba kwenye gari la maskini fulani. Nikamhurumia huyo aliyeibiwa, wallahi, usiku kwenye sala nikamwombea dua.

Ikafika harusi. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni mheshimiwa tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kumpeleka Zuhura Lindi kwa mumewe, na nilitaka ukoo wote uone kwamba amepelekwa. Ngoma ikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele, gari likanguruma vizuri tu, tukafika njia panda, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Harufu ya petroli ikajaa. Ningeshuka nikasimamisha gari lolote likampeleka mtoto, yangeishia hapo. Mimi nikafungua boneti.

Petroli ilikuwa inachuruzika kwenye ile kabureta mpya, na ile rangi ya fedha imelainika inabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Na chini yake, ubavuni, mistari mitatu na nukta.

Sikumbuki niliinuka vipi. Nakumbuka Komba amesogea, shati jeupe, anatabasamu, "Vipi mateka wangu, punda amegoma?" nami nikamkaba nikapiga ukelele, "Mwizi! Mwizi!" Sasa mtu ukipiga ukelele huo pale njia panda huwa hawaulizi. Wapakizi wakaja mbio, wakakuta mtu kanzu imelowa oili amemkaba bwana msafi mbele ya boneti iliyo wazi, na Komba akaninyooshea kidole na kusema kwa utulivu, "Huyu hapa."

Walipoambiwa mimi ni nani waliniachia, lakini kanzu ilikuwa imeshakwenda. Tukakalishwa barazani kwa muuza duka, na aliyehukumu ni Mzee Chikoyo, mkubwa wa ukoo wetu, ndugu yangu kabisa. Komba akasimama. "Wazee, shikamooni. Mimi Mngoni, huyu Mmwera. Nilimchezea mtani wangu, nikamfichia kitu chake, nikampa. Kosa langu nini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mzee," nikasema, "hakunipa, ameniuzia! Utani gani wa miezi mitano?"

Mzee Chikoyo akanitazama ile bukta. "Wewe umemkasirikia mtani mbele ya wakwe," akasema. "Toa mbuzi, umwombe radhi, mtoto aende kwa mumewe." Nikamwomba radhi. Nimeibiwa mimi, nimeomba radhi mimi, mbuzi wangu mimi, na nyama Komba alikula paja. Zuhura alipanda pikapu ya samaki wakavu, akafika kwa mumewe ananuka ng'onda, na mama mkwe wake hajalisahau jambo hilo.

Gari nililiuza vipande vipande, wala sitanunua tena kitu ambacho spea yake haipatikani Lindi. Hilo la gari limekwisha. Lakini mwezi ujao anaolewa Rukia, mdogo wake Zuhura, na nimeletewa habari kwamba Komba amealikwa akae mbele, mtani wa harusi, achangamshe watu, na mimi mjomba wa bibi harusi nimepangiwa kukaa nyuma na wapishi kwa sababu nina hasira.

Mzee Chikoyo, uko hai na unasikia vizuri tu, usijifanye. Kabla Rukia hajatoka ndani, nataka usimame mbele ya watu wale wale waliocheka unijibu kwa sauti: mtu aliyekificha kitu cha mwenzake, akakipaka rangi asikitambue, kisha akamuuzia mwenyewe, huyo ni mtani au ni mwizi? Na ukisema ni mtani, uniambie basi Komba alikupa nini.