Daftari la Masaa ya Madam Kawira

Kuna aibu ya kuteleza kwenye matope ukiwa umevaa suti, hiyo hupona suti ikishafuliwa, na kuna aibu ya kusomewa mwandiko wako mwenyewe kwa sauti mbele ya bodi nzima ya shule na mbele ya baba mzazi wa mke wako, neno kwa neno, mpaka wanafika pale ulipoandika "chooni". Hiyo ya pili ndiyo yangu. Siifichi, kwa sababu hata nikiificha watu wa upande wa Kaaga, jirani na shule yetu, watawasimulia, na wao huongeza chumvi.

Wakati huo, simu za mkononi zikiwa bado za wakubwa, nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Meru, nafundisha hesabu, na kusema kweli naifundisha vizuri (si majivuno, muulizeni yeyote aliyepita mikononi mwangu). Ratiba yote ya shule niliipanga mimi peke yangu kwenye karatasi moja kubwa, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kujikuta ana madarasa mawili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mtu akinijia na neno la masaa, mimi naona ameniletea chai.

Sasa tulikuwa na mwalimu wa kemia, Madam Kawira, ambaye alikuwa wa muda. Alifundisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano, halafu jioni ya Jumatano anashuka Kianjokoma kumtunza mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mkataba wake ulisema vipindi kumi na viwili kwa wiki. Basi muhula ule akaandika barua ya kurasa mbili kwa bodi, akisema kwamba kazi anayoifanya ni zaidi ya mara mbili ya masaa yaliyoandikwa, na kama mkataba hauwezi kurekebishwa basi mwisho wa muhula atatafuta shule karibu na mama yake. Na hapo mnielewe vizuri, kidato cha nne walikuwa wamebakiza miezi michache kufanya mtihani wa taifa, na mwalimu mwingine wa kemia hatukuwa naye.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mtaratibu sana, akaniita ofisini.

"Muriungi, bodi inakaa Ijumaa. Keti na Madam Kawira mhesabu hayo masaa pamoja, mniletee kitu cha haki."

"Hiyo ni kazi ya dakika mbili," nikamwambia. "Vipindi kumi na viwili, kila kimoja dakika arobaini, hayo ni masaa manane. Hayazidi, hayapungui."

"Nimesema mkae pamoja," akasema.

Nikaitikia sawa. Lakini nikitoka pale mlangoni nikajiambia, nikae naye ya nini, mtu akiulizwa kazi yake atasema ni nyingi, hata mimi ningesema ni nyingi, afadhali nimpime mwenyewe kwa saa bila yeye kujua, ndipo nipate hesabu safi. Huo ndio uamuzi wenyewe. Ulikuwa mdogo tu, kama kuchagua njia ya mkato kupita kwa shamba la jirani, na sikujua jirani ana mbwa.

Jumatatu nikachukua daftari kuukuu lililoandikwa "Hesabu, Kidato cha Pili" juu, nikajiweka nyuma ya tangi la maji linalotazamana na maabara. Nilidhani nitamwona akifika saa mbili kama watu wengine. Saa moja na robo mlango wa maabara ulikuwa tayari umefunguliwa na yeye yuko ndani anapima asidi na kupanga vichupa mezani, kila kikundi cha wasichana na vyake. Nikaandika. Akaingia darasani, nikaandika. Akatoka, nikaandika. Akienda huku na mimi huku, yeye akisimama kuongea na mpishi mimi nasimama kuchunguza ua wa michongoma kana kwamba nimeupanda jana. Saa kumi na nusu bado alikuwa anaosha vichupa. Jioni nikajumlisha, nikaondoa chakula, nikaondoa mapumziko, nikaondoa kila kitu ambacho si kazi, nikapata masaa sita na dakika hamsini.

Nikasema saa yangu imeharibika. Jumanne nikaazima saa ya mwalimu wa dini, nikapata masaa sita na dakika ishirini. Siku mbili tu na ameshapita yale manane yangu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa na imani kubwa mno na yale manane, nikasema lazima kuna mahali anapoteza muda, labda kule kuosha, labda anasuuza tu kwa maji halafu anakaa. Kwa hivyo Jumatano saa saba alipoenda kula, nikaingia kwenye stoo ndogo iliyo nyuma ya maabara kukagua vichupa kama vimeoshwa kweli. Nikawa nakiinua kimoja kwenye mwanga wa kidirisha (kilikuwa safi kuliko glasi za nyumbani kwangu) niliposikia viatu vyake. Alikuwa amerudi mapema. Badala ya kutoka na kumsalimia kama binadamu, nikajibana nyuma ya rafu. Akanyoosha mkono, akachukua chupa moja karibu na mlango, akafunga, na nikasikia kufuli ikisema kwaa.

Nikajituliza. Atarudi kuchukua kitu kingine, nitajitokeza polepole, nitajieleza. Lakini kengele ikalia na kidato cha tatu wakaingia maabara, wasichana arobaini na zaidi, na somo la siku hiyo, kama Mungu alivyopanga, lilikuwa kutengeneza ile gesi inayonuka kama mayai viza.

Stoo ile haikuwa na hewa. Kidirisha chake kilikuwa cha kioo kisichofunguka. Harufu ikaanza kuingia chini ya mlango kidogo kidogo, halafu ikaacha kuona haya, na mimi nikafunika pua na tai, nikahesabu mpaka mia mbili, nikakohoa mara moja, nikakohoa mara tatu, na huko nje nikasikia darasa zima limenyamaza. Nikabisha mlango.

"Nani?" sauti ya Madam Kawira.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Ndugu zangu, kuna wakati cheo ni mzigo. "Naibu," nikasema.

Akafungua. Nikatoka na machozi, tai mdomoni, vumbi la rafu begani, na wasichana wale hawakucheka, na kutocheka kwao kulikuwa kubaya zaidi. Walisimama wote kwa pamoja wakasema, "Habari ya mchana, mwalimu," kama ilivyo desturi mkubwa akiingia darasani.

"Ulikuwa unatafuta nini, mwalimu?" Madam Kawira akaniuliza.

"Panya," nikasema. "Tulipata ripoti ya panya."

"Umempata?"

Nikasema bado, nikatoka nikitembea kwa heshima yote iliyobaki. Nilipofika chumba cha walimu ndipo nikagundua mkono wangu ni mtupu. Daftari lilikuwa limebaki kwenye rafu ya stoo, maabara ina darasa, na lilipokwisha darasa Madam Kawira alifunga akaondoka na ufunguo kwenda Kianjokoma. Nikajipa moyo. Limeandikwa hesabu ya kidato cha pili, nani atalifungua?

Ijumaa bodi ikakaa. Sasa niwajulishe kwamba mwenyekiti wa bodi, mzee M'Ikiara, mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa, ndiye baba mkwe wangu. Huyo ni mtu ambaye kwa miaka tisa nilikuwa sijawahi hata kusema mbele yake kwamba tumbo linaniuma, maana kwetu kuna maneno ambayo hayasemwi mbele ya mkwe. Madam Kawira alikuwa amepanda kutoka Kianjokoma siku hiyo kwa ajili ya kikao tu, akaketi mwisho wa meza na kitambaa cha safari bado kichwani.

Nikasimama, nikatoa hotuba yangu. Kumi na viwili mara arobaini ni mia nne na themanini, gawanya kwa sitini, manane. Nilisema kwa sauti ya kutosha na niliona wazazi wawili wakitikisa kichwa kukubali.

"Na mlikaa pamoja?" mwalimu mkuu akauliza.

Kabla sijatunga jibu, Madam Kawira akainuka, akaweka daftari mezani mbele ya mwenyekiti.

"Mwalimu alisahau hii kwa stoo," akasema. "Nafikiri ndiyo ripoti yake. Naomba isomwe."

Mzee hakuwa na miwani yake. Akalisukuma kwa Nkatha, karani wa shule, na Nkatha ni msichana mtiifu ambaye akipewa kitu asome anasoma chote.

"Jumatatu. Saa moja na robo, tayari yuko. Anapima asidi. Saa mbili na dakika ishirini, darasani. Saa nne na dakika kumi, chooni. Saa nne na dakika kumi na sita, ametoka."

Nkatha akasita. Hakuna aliyemwambia aache, kwa hivyo akaendelea.

"Saa saba, githeri, sahani moja, anasahihisha madaftari huku anakula. Saa nane, anatabasamu, sijui anatabasamu nini. Saa tisa na dakika tano, chooni tena."

Baba mkwe wangu akainua mkono. Nilitazama meza. Niliijua meza ile vizuri sana baada ya siku hiyo, hata mafundo ya mbao zake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Ulikuwa unamfuata mama wa watu hadi huko?"

"Nilikuwa napima masaa, mzee."

Akanionyesha ubao. "Basi maliza kupima. Andika hapo tuone yote."

Nikashika chaki. Jumatatu, masaa sita na dakika hamsini. Jumanne, sita na ishirini. Jumatano mpaka saa saba, matano na robo. Jumla, mbele ya macho yao wote, kumi na nane na dakika ishirini na tano.

"Na Jumatano mchana?" mzazi mmoja akauliza.

"Mchana mwandishi alikuwa amefungiwa," Madam Kawira akasema, na hapo ndipo kikao kilipoanguka kwa kicheko, hata padri aliyekuwa mjumbe wa bodi akatoa leso. Yeye hakucheka. Alingoja kitulie. "Naomba dakika za chooni ziondolewe. Sikuajiriwa kwenda huko, sitaki mtu aseme nimeziongeza."

Na ikanibidi mimi, kwa sauti, na baba mkwe akinitazama, niseme kwamba nilikuwa nimeshaziondoa.

Bodi haikujadili sana. Mkataba mpya ukaandikwa masaa ishirini, vipindi vikatajwa kama vipindi, kupanga maabara na kuosha kukatajwa, kusahihisha kukatajwa, kila kimoja na masaa yake. Mwalimu mkuu akaniambia nisome ukurasa wa pili wa ile barua, ambao kumbe sikuwahi kuugeuza, na hesabu ilikuwa pale, siku kwa siku, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Alikuwa ameandika kumi na tisa na nusu.

Nilimfuata Madam Kawira nje, safari hii kwa uwazi, nikamwomba msamaha. Akanitazama kama mtu anayeamua ni mzigo gani abebe na upi auache.

"Mwalimu, ungeniuliza Jumatatu asubuhi ningekuambia, na ungekunywa chai yako," akasema. "Lakini uliandika ukweli, hata ulipokuwa haukupendezi. Hilo nakushukuru." Akaenda kuwahi gari. Kidato cha nne alikaa nao mpaka mtihani, na miaka mingine mitatu.

Baba mkwe hakulitaja jambo lile tena, ila nilikaa miezi miwili bila kukanyaga kwake, na nilipoenda hatimaye alinikaribisha, akaniongelea habari ya mbolea tu.

Tangu hapo nimepanga mikataba ya walimu wengi wa muda, na sijui kama kuna naibu katika Meru yote anayeipanga kwa haki kunishinda mimi. Sijifichi tena nyuma ya kitu chochote. Namvutia mtu kiti, namwambia anisimulie siku yake tangu anapoamka, na hapo ndipo kazi yangu ngumu inapoanza, kwa sababu inanibidi nisikilize mpaka amalize.