Sentensi Namba Tisini na Saba

Kwa miaka ishirini shangazi yangu alipata riziki kwa kukata maneno ya watu. Alikuwa karani wa telegramu pale posta, kaunta ya mwisho kushoto, na kwa kuwa telegramu ililipiwa kwa neno, watu walimletea hotuba naye akawarudishia mifupa. Mtu aliandika: "Mama mpendwa, natumaini u mzima, mimi nitafika Ijumaa Mungu akipenda." Shangazi akachukua kalamu: "Nafika Ijumaa." Mungu na mama walikatwa pamoja, si kwa kufuru bali kwa bei.

Nyumbani hakuwa tofauti. Mwanamume aliyekuja kumposa aliongea saa nzima, na Shangazi akamjibu, "Hapana. Chai yako inapoa." Nilihamia kwake nikiwa na miaka tisa, baada ya baba, ambaye ni kaka yake, kufariki. Sikumbuki aliwahi kuniambia kwamba ananipenda. Alinipigia pasi sare kila asubuhi mpaka nikamaliza shule, na mimi nikajifunza kusoma mikunjo.

Vita vilipoanza, jeshi lilichukua laini ya telegramu kwa wiki mbili. Wiki hizo zilichukua miaka mitano.

Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba askari akiachiwa maneno yake mwenyewe atasema mambo: yuko wapi, amekula nini, hajala nini. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoa kijitabu chenye sentensi tisini na sita. Askari alichagua namba, namba ikasafiri kwenye waya, na karani wa upande wa pili akafungua kijitabu na kuiandika sentensi yake kwenye fomu. Namba 4: Niko salama na ari yangu iko juu. Namba 22: Salamu kwa wote nyumbani. Namba 61: Asante kwa soksi. Zilikuwepo sentensi saba za kuwashukuru viongozi. Ya kusema unaogopa haikuwepo, na ya njaa nayo kamati iliisahau, labda kwa sababu ilikutana baada ya chakula cha mchana.

Mji mzima ukaanza kupokea namba 4. Kina mama walilinganisha fomu zao kwenye foleni ya maji, wakakuta wote wana mtoto yuleyule mmoja. Mama wa kijana mmoja mwoka mikate hakukubali. Alikuja mpaka kaunta, akaiweka fomu mbele ya Shangazi.

"Huyu si mwanangu," alisema. "Mwanangu hajui hata ari ni kitu gani. Mmemficha wapi?"

"Ndivyo ilivyokuja, mama."

"Basi irudishe ilikotoka."

Shangazi alimtazama, akaichukua fomu, akaingia nayo nyuma kwenye mashine. Vijana wote wale waliokuwa vitani waliwahi kusimama kwenye kaunta yake, naye aliwahi kuwakata maneno. Kumbe maneno aliyoyakata hakuyatupa. Alirudi na fomu nyingine yenye wino mbichi: "Mama, niko salama. Mikate ya huku ni mawe. Dogo asiguse oveni yangu."

Yule mama akasoma mara mbili. "Huyu sasa ndiye," alisema, akaondoka anajifuta macho kwa kanga.

Asali haionjwi mara moja. Namba ziliingia kwa milio ya mashine, na aliyeielewa milio ile pale posta ni Shangazi peke yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kumsahihisha. Mtoto wa seremala akaanza kuulizia randa yake kutoka vitani. Mtoto wa mzee mlevi akaanza kumuusia baba yake aache pombe, na mzee akaacha, kwa miezi miwili. Mji ukachangamka kuliko wakati wa amani.

Na mimi nilikuwa na wangu huko. Fundi baiskeli, mwembamba mpaka watu wakamwita Spoku, tuliyekuwa tumekubaliana naye kuoana. Miezi mitatu ilipita bila habari yake. Nikaacha kula, si kwa maringo, chakula kilikuwa hakipiti. Ndipo Shangazi akarudi kutoka kazini na fomu yenye jina langu: "Nisubiri. Nikirudi tutaanza na chumba kimoja na baiskeli moja."

Wiki ileile nilikuwa nimepata barua ya nafasi katika chuo cha uuguzi, mji mwingine, safari ya siku mbili. Niliwajibu kwa heshima zote kwamba sitakuja. Kila mwezi fomu nyingine ilifika, na kila mwezi nilizidi kuwa na hakika. Nilisubiri miaka mitatu, nikijiona shujaa kuliko waliobeba bunduki.

Kisha akaja kapteni. Makao makuu yalishangaa: mji wetu pekee haukuwa na malalamiko. Alikaa nyuma ya kaunta siku mbili akisoma nakala za fomu, na sisi, ambao kila mmoja alishuku fomu za wenzake na kuamini zake, tukaanza kufikiria nani atampelekea Shangazi chakula gerezani. Siku ya tatu kapteni alitoka akiwa na machozi. Alisema hii ndiyo ari ya wananchi iliyokuwa ikitafutwa. Shangazi akavalishwa nishani ya shaba, na sentensi zake kumi na mbili bora zikachukuliwa bila yeye kuulizwa, zikatiwa kwenye toleo jipya la kijitabu, ili kila askari nchini aweze kusema kutoka moyoni.

Orodha mpya ilibandikwa kwenye mlango wa posta. Nilikwenda kununua stempu, nikaisoma nikiwa kwenye foleni. Namba 97: Nisubiri. Nikirudi tutaanza na chumba kimoja na nidhamu moja. Kamati ilikuwa imeondoa baiskeli.

Nilizunguka kaunta bila ruhusa. "Shangazi, nataka namba zake."

Hakujifanya haelewi. Alifungua daftari la kupokelea, akaligeuza upande wangu. Kwenye jina la Spoku palikuwa na 22, chini yake 22, chini yake tena 22. Salamu kwa wote nyumbani. Baadaye miezi thelathini na mitatu mitupu. Katika miezi hiyo thelathini na mitatu mimi nilipokea fomu thelathini na tatu.

"Yuko hai?"

"Sijui."

"Kwa nini ulinifanyia hivi?"

"Ulikuwa huli," alisema.

Nilimchukia siku ile, naandika hivyo bila haya. Niliwaandikia watu wa chuo. Jibu likaja kwamba majengo yamekuwa kambi ya jeshi na wakufunzi wamepelekwa kufunga vidonda.

Vita vilipokwisha, laini ilirudishwa kwa raia ikiwa na sentensi mia moja na nane na vumbi. Hakuna aliyeitaka. Telegramu ya kweli ilipofika watu walicheka: "Hii namba ngapi?" Seremala alipelekewa habari ya msiba wa kaka yake, akaamua kungoja barua, na barua ilipofika marehemu alikuwa ameshazikwa. Simu za sauti zilipokuja, watu walipanga foleni tangu alfajiri ili wamsikie ndugu yao japo akikohoa. Wataalamu wanasema telegramu iliuawa na maendeleo. Mimi nilikuwepo. Iliuawa na kamati.

Lakini simu zilichelewa, Spoku aliwahi. Alirudi wiki ya sita ya amani, anachechemea. Alikuwa mfungwa wa vita tangu namba zake zilipokoma. Nilimketisha sebuleni, nikamwambia habari ya 22 zake za daftarini, nikamwekea rundo lote la fomu magotini. Alizisoma moja moja mpaka mwisho.

"Huyu mtu ananijua vizuri," alisema. "Lakini si mimi. Hata hizo 22 si zangu. Koplo alikuwa anakusanya majina ya kombania nzima anatugongea 22 wote, awahi chakula."

"Na ungepewa maneno yako mwenyewe?"

Hakufikiri sana. "Ningekwambia usinisubiri. Nenda chuo. Si mimi niliyekupakia kwenye baiskeli ukapeleke maombi?"

Jioni nilimkuta Shangazi jikoni anakata vitunguu, nikamwambia Spoku alisema nini, neno kwa neno. Aliweka kisu chini.

"Hiyo nisingeiandika," alisema.

"Hata kama ingekuja yenyewe kwenye waya?"

"Hata kama ingekuja."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Ungeondoka."