Mjukuu Wangu na Mwezi wa Ramadhani

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na maduka ya Dodoma yakajaa mitumba na biskuti, mjukuu niliyekuwa nikimlea alianza kupotea uani mwetu. Mchana aliruka kamba na wenzake. Jua likizama, alipapasa ukuta hadi mlangoni. Shangazi yake akamtania, "Bibi harusi huyo, anatembea kwa madaha!"

Siku ya kutazama mwezi wa Ramadhani, wenzake wote waliuonyesha kwa vidole. Nilimgeuza mjukuu wangu uso, akauliza, "Babu, upande gani?"

Shangazi hakutania tena. Alininong'oneza habari za shule ya wasioona ya Buigiri. Nilianza kufunga, na wiki hiyohiyo nikampeleka mtoto hospitali.

Daktari wa macho, binti mpole, aliniamkia kisha akamulika jicho la mtoto.

"Mzee wangu, ndani ya jicho kuna seli zinazonasa mwanga. Gizani, wajumbe wadogo mno hushikilia wazi milango ya seli. Hawana barabara, wanatangatanga humo ndani wakigongana. Mwanga ukinaswa, wajumbe hupungua, milango hufungwa, na ubongo hupata habari."

"Na wa huyu?"

"Huenda wajumbe wana kasoro ya kuzaliwa. Hapo sina dawa. Au seli imekosa vitamini ya kunasia mwanga. Hiyo hupona. Anakula mboga?"

"Mlenda kila siku! Tunakausha majani wenyewe, juu ya bati."

"Juani?"

"Sasa tukaushe wapi, mwanangu?"

"Kivulini. Jua limeila vitamini karibu yote. Na mpike na karanga, vitamini hiyo huhitaji mafuta."

Alimpa dawa, akasema tungoje.

Tulitandaza majani chini ya kitanda changu. Kila baada ya futari nilimwita mtoto kutoka pembe ya ua, nikisikiliza kama nyayo zake zinasita. Zilisita. Katika sala niliwaombea hata wale wajumbe, viumbe vya Mola nisivyowahi kuvijua, wasipotee njia.

Jioni ya kutazama mwezi wa Idi alinishika mkono. "Babu, ule pale! Juu ya choo cha jirani."

Nilikodoa macho. Sikuona kitu. Nilihofu ananifurahisha tu, maana alijua ninavyoteseka.

"Uko vipi?" nikamuuliza.

"Mwembamba. Umelala chali."

Ndipo nyumba ya pili wakapiga kelele, wakiuonyesha upande uleule. Nilikaa chini mchangani, nikashindwa hata kuanza takbira. Akaianza yeye.