Kisu cha Mkono wa Kushoto

Niliamua kumnunulia baba kisu siku nilipomwona akijaribu kufungua cha zamani kwa meno. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yetu, huko Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, chini ya kivuli cha nyasi alichokuwa akioteshea miche, akidhani hakuna anayemwona. Kisu chake kilikuwa cha kukunja, cha aina ile ya kuingiza ukucha kwenye mfereji mdogo na kuvuta. Kazi hiyo inataka mikono miwili, na baba amebaki na mmoja unaomtii. Alikibana kwa mkono wa kushoto, akauma chuma, akavuta. Kilifunguka kidogo kisha kikajifunga tena, karibu kabisa na mdomo wake. Alikitazama, akafuta mate kwenye suruali, akakirudisha mfukoni. Nilirudi ndani kimya kimya nikajifanya natafuta chumvi.

Ulikuwa umepita zaidi ya mwaka tangu bodaboda iliyombeba ianguke kwenye barabara ya Kabingo. Mfupa uliunga, lakini vidole vya mkono wa kulia vilijikunja kiganjani na havikukunjuka tena. Kabla ya hapo watu walimjua kwa parachichi. Alikuwa anaotesha mbegu za kienyeji, mche ukifika unene wa kalamu anaukata kichwa, anaupasua, kisha anaunganisha kijiti kutoka mti wa aina nzuri, ule unaozaa mapema. Kazi hiyo ya kubebesha miti alikuja nayo kutoka kwetu, Kivu ya Kusini, na ndiyo iliyotuvusha miaka yetu ya kwanza Nakivale. Baada ya ajali aliiacha. Miche mingine ilikauka, mingine ililiwa na mbuzi. Wapita njia wakimuuliza kazi inaendaje, alijibu kwamba anapumzika. Mama ndiye aliyemmenyea embe, na yeye alikula akiangalia upande mwingine.

Nilitaka arudi kwenye miche yake. Hilo tu. Lakini mimi ni mtu wa kuwaza, na mtu wa kuwaza hanunui kisu hivi hivi. Nilikuwa nimemaliza chuo Mbarara na kupata kazi ndogo ya kutafsiri kwenye zahanati moja ya mjini. Kila nilipopumzika nilisoma kwenye simu habari za visu. Nilijifunza majina ya vyuma, nikasoma ugomvi wa watu wa nchi za mbali juu ya kisu gani kinafaa kulala nacho msituni. Hakuna hata mmoja aliyeandika kuhusu mzee wa Rubondo anayebebesha parachichi kwa mkono mmoja.

Halafu likaja wazo baya zaidi. Je, nikimpa kisu, hataona kama ninamwonyesha kile alichopoteza? Na juu ya hilo, ni sawa kweli kumzawadia kisu mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya watu wenye visu? Hilo la pili lilininyima usingizi, hadi nikampigia mama simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa kusikia bakuli likigongwa nilijua anaendelea kupika.

"Kila siku ninakataka bitunguu mbele yake," akasema. "Ulishaonaka anakimbia?"

Kwa hiyo nikaenda madukani. Nilianza na duka la mbegu na dawa za mimea, kwa sababu wao wanauza kisu maalumu cha kubebesha. Kilikuwa kizuri, mpini wa mbao, chuma kinachong'aa, na muuzaji alikisifu sana. Nilikishika muda mrefu. Kisha nikaona kwamba kimenolewa upande mmoja tu, na nikakumbuka baba naye alivyokuwa akinoa chake: upande mmoja makali, upande wa pili umelala bapa, ili bapa liteleze juu ya kijiti na mkato utoke umenyooka. Nilikihamishia mkono wa kushoto. Bapa lilikuwa limekwenda upande usiofaa. Kilikuwa kisu cha watu wa mkono wa kulia. Kwa baba kila mkato ungepinda, naye angedhani kosa ni la mkono wake. Niliogopa jinsi nilivyokaribia kukinunua.

Duka la pili lilikuwa la vyuma, na mwenye duka alikuwa askari mstaafu aliyeishi miaka mingi kambini hapo Mbarara. Aliongea kile Kiswahili cha jeshi, kifupi, kila neno kama amri. Nilimwomba anitolee visu vyote vya kukunja, nikaingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa sweta, nikaanza kuvijaribu kwa kushoto. Cha kwanza kiliniponyoka na kuanguka juu ya kaunta.

"Nyabo, hiyo mukono ingine nafanya nini mufukoni?" akauliza, akiniita bibi kwa lugha ya huko. "Nalala?"

Wateja wawili walicheka. Nikamwambia si mimi, afande, ni baba yangu, mkono wake wa kulia haufunguki tena. Aliacha mzaha. Aliuweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akavuta kisu kimoja kwa kushoto, na tangu hapo tukavijaribu pamoja, mimi upande huu wa kaunta na yeye upande ule, kila mtu na mkono mmoja. Kimoja kilikuwa na springi na kiliruka kwa nguvu hadi akakitupa kando, akisema hicho kitamkata mzee kabla ya mti. Kingine kililegea kwenye bawaba. Cha tatu kilinifurahisha, kilifunguka vizuri kwa kidole gumba, lakini yeye alikigeuza akatikisa kichwa.

"Kufungua, sawa. Kufunga, hapana. Hii kifungio nataka gumba ya kulia. Baba yako nakaa na kisu wazi siku yote?"

Sikuwa nimewaza kufunga. Miezi yote ile ya kuwaza, na sikuwa nimefika hapo.

Mwishoni alitoa kimoja kutoka chini ya kaunta, cheusi, kizito kidogo, chenye tundu la mviringo kwenye ubapa ambalo gumba la mkono wowote linaweza kusukuma. Kifungio chake kilikuwa mgongoni mwa mpini. Ukikibonyeza na kusukuma ubapa pajani, kinajifunga. Makali yake yalinolewa pande zote mbili sawasawa, maana yake baba mwenyewe angeweza kuyanoa upya kwa upande anaoutaka. Tulikifungua na kukifunga mpaka mteja mmoja akachoka kusubiri akaondoka. Hata hivyo nilisema nitafikiria, nikatembea hadi stendi, nikasimama hapo nikifikiria, nikarudi. Askari hakuwa amekirudisha mahali pake. Alisema alijua nitarudi, kwa sababu niliondoka bila kuaga.

Nyumbani walikuwa wameandaa chakula cha Jumapili baada ya ibada, kunishukuria Mungu kwa kuhitimu. Nilipanga kumpa baba kisu Jumamosi, tukiwa wawili. Jumamosi ikapita. Nilipanga asubuhi kabla ya kanisa, nikaona si wakati wa kumwongezea mawazo. Mama alinikuta nimekishika jikoni nikifanya mazoezi ya maneno ya kusema, akaniambia kwanza nisije nikampa mkononi. Kwetu, alisema, kisu hakiendi kutoka mkono wa mtu hadi mkono wa mwingine, kinaleta ugomvi kati yao.

"Unaiweka chini. Mwenye kupokea anaiokota yeye mwenyewe."

Mila hiyo niliifahamu, lakini sasa ilinitisha kwa namna mpya. Zawadi nyingine unampa mtu naye hana budi kuipokea. Hii ingelala hapo, na baba angeweza kuiacha.

Wageni walikuja, watu wa kanisani na jirani yetu mmoja, fundi cherehani, ambaye hajawahi kukaa na neno mdomoni. Tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo, na kuku. Baba alitumia kijiko, kwa kushoto, polepole. Nilikuwa nimeamua kusubiri hadi wageni waondoke, lakini mama alichoka na mimi. Alitoka jikoni, akafuta mikono, akakiweka kisu mezani kando ya sahani ya baba.

"Hii iko ya nani?" baba akauliza.

"Yako. Mutoto alikununulia mu Mbarara."

Baba alikitazama. Alisema, "Aksanti, mama," akiniambia mimi, maana ndivyo anavyoniita kwa kuwa nina jina la mama yake. Kisha akachota sombe.

Fundi cherehani hakuweza kuvumilia. Alisema kumbe chuoni wanafundisha kuchinja. Halafu akamgeukia baba: "Muzee, okota basi. Ao unaogopa itakukata?"

"Nitaokota," baba akasema. "Chakula ingali na moto."

Hakukiokota. Wageni walisali, wakaaga, wakaondoka. Nilitaka kukiondoa kisu nikifiche, nisikione, lakini mama alinishika mkono. Kama ningekiinua, kingekuwa changu. Alifuta meza yote akakizunguka. Jumatatu tulikunywa chai kikiwa hapo, tukala mchana kikiwa hapo. Baba alisogeza kikombe chake karibu nacho kama mtu anayepisha kitu barabarani. Nililala nikijilaumu kwa kila njia ninayoijua, na ninazijua nyingi.

Jumanne asubuhi kisu hakikuwepo mezani. Niliangalia chini ya meza, nikatazama nyuma ya mlango, nikawaza mwizi, nikawaza paka, ingawa hatuna paka. Mama alikuwa kisimani. Ndipo nikasikia mlio mdogo kutoka nyuma ya nyumba, tak, kimya, tak tena. Nilikwenda nikasimama kwenye kona. Baba alikuwa amekaa chini ya kile kivuli cha nyasi. Alikuwa anasukuma ubapa kwa gumba, unafunguka, anaulaza pajani, unafungwa.

"Mama, kuya hapa," akasema bila kugeuka. "Juu ya nini haukuleta ile yenyewe ya kubebesha? Mu Mbarara haiko?"

Nikamwambia iko, niliishika. Nikamweleza habari ya bapa kukaa upande usiofaa, kwamba kwa kushoto mkato ungepinda, na kwamba hiki angekinoa mwenyewe kwa upande wake. Niliongea haraka na kwa urefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani alikuambia ile?"

"Hakuna, papa. Niliwaza tu."

"Uliwaza mingi."

"Mingi sana."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, lakini kicheko. Akanituma nilete jiwe la kunolea.

Nilishika jiwe kwa mikono miwili juu ya gogo, yeye akanoa, upande mmoja tu, akijaribu makali kwenye ukucha wangu kwa sababu wa kwake ulikuwa na kazi. Kisha tukatafuta cha kukata. Miche yake ilikuwa imekwisha, lakini jalalani, pale mama anapotupa maganda, parachichi zilikuwa zimeota zenyewe, mbili tatu, zenye afya kuliko zilizowahi kumwagiliwa. Nilichimba moja nikaitia kwenye mfuko wa udongo. Kijiti kizuri tulikitoa kwenye mti wetu wa zamani mwishoni mwa shamba.

Ilibaki shida ya kukishika kijiti. Alikikanyaga kwa mguu, kikazunguka. Alikibana kwa magoti, kikateleza. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akasema ningoje. Akakichukua kwa kushoto, akakisukuma ndani ya vile vidole vya kulia vilivyojikunja, kwa nguvu, mpaka kikaingia. Akakivuta kukijaribu. Hakikutoka. Aliutazama mkono ule kwa muda kama vile umeletwa na mgeni.

Mkato wa kwanza ulitoka mfupi. Wa pili ulipinda, akatupa kijiti, akasukumia kingine. Wa tatu ulitoka bapa, laini, pande zote mbili. Nilishika mche, akaupasua katikati, akachomeka kijiti, nami nikafunga kwa utepe wa nailoni.

"Kaza," akasema. "Haiko kidonda."

Nikakaza. Tukafunika kwa kijifuko ili unyevu usitoke. Nikamuuliza tutajua lini kama imeshika, akasema majuma, mpaka jicho la kijiti livimbe. Hapo nilianza. Nikauliza kama fundo langu halikulegea, kama mvua ikiingia, kama mbuzi wa jirani wakija.

"Ikikufa tutafanya ingine," akasema.

Kesho yake nilitakiwa kurudi kazini. Aliniambia nikifika Kabingo nishuke kidogo, nimtafute yule mtu aliyekuwa ameagiza miche kabla ya ajali, nimuulize kama bado ana ile fasi ya kupanda. Akaongeza nisimweleze mambo mengi, nimuulize tu. Kisha akakifungia kisu pajani, akakitia mfuko wa kushoto, akaenda jalalani kutafuta mche mwingine.