Afande Alimnywesha Punda Kwanza

Siku ile ilianza kwa ubishi. Mama Rehema, jirani yetu, alikuwa ameniuzia debe la viazi. Nikahesabu, nikarudia, nikamtolea vitano vilivyooza.

"Wewe na huyo babu yako!" akalalama. "Mtahesabu hata inzi."

Babu alikuwa akimfungia punda mitungi ya maji. Ujanani alikuwa afande katika kikosi cha farasi cha mkoloni, huko mpakani kaskazini. Hadi uzeeni alitembea miguu imepinda kana kwamba tandiko bado liko katikati. Sisi wajukuu tulimcheka, kwa umbali wa kutosha.

Saa nne tukaona moshi ng'ambo ya bonde. Saa tano tukasikia bunduki; vita vilikuwa vimetufikia.

Babu hakupaza sauti. Alishusha mitungi, akamnywesha punda.

"Mzee, watu wanakimbia, wewe unahudumia punda!" mjomba akafoka.

"Mnyama kwanza. Wewe ukichoka utajikokota. Huyu akichoka, nani atabeba wagonjwa?"

Tulipanda kilima kuelekea kanisani, watoto na wagonjwa wakipokezana mgongo wa punda. Tuliondoka watu kumi na tisa. Kwenye lango Babu akatuhesabu. Akarudia.

"Mama Rehema yuko wapi?"

Mguu wake ulikuwa mbovu, akabaki nyuma. Kila mmoja alidhani yuko na mwingine.

Babu akapanda punda. Nikaishika kamba. "Babu, usirudi. Tumeshafika."

"Wamefika kumi na wanane. Achia."

Nikaachia.

Alishuka kilima mgongo umenyooka, kama yuko kwenye gwaride. Juu ya punda! Sijaona mtu aliyependeza vile.

Milio miwili.

Kimya.

Alasiri punda akarudi. Mama Rehema alikuwa juu yake, amefungwa kwa mkanda wa Babu asianguke. Babu hakuwepo. Tulimzika siku ya tatu.

Mwaka huu tumeamua kumfanyia ibada ya kumbukumbu kanisani, hapa Brooklyn Center, Marekani, tulikohamia baada ya vita. Binamu yangu Grace, anayeishi mji wa karibu wa Woodbury, ndiye anayechapisha karatasi ya ibada. Akanipigia simu akitoka zamu hospitalini.

"Kaka, tuandike mkulima. Hayo ya mkoloni tuyaache. Watu wataongea."

Sikumlaumu. Farasi wale hawakupelekwa mpakani kutalii, na Babu hakuwahi kutuambia aliyoyafanya huko. Nilijaribu kupatana naye: mkulima, kisha afande, kwa herufi ndogo. Akakataa.

Basi nikaenda kwa Mama Rehema, anayeishi na bintiye mtaa wa pili kutoka kanisani, nikamweka Grace kwenye spika. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mkulima simjui," akasema. "Mimi nilifuatwa na afande."

Grace akaniuliza afande inaanza na herufi kubwa au ndogo.

Tumeandika kubwa. Vitukuu tisa wa Babu wamezaliwa huku Minnesota, nao watasoma karatasi hiyo. Hakuna hata mmoja anayeijua sauti yake.