Kupiga Magoti na Kuinuka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Bukoba, nilivaa koti jeupe ambalo dada yangu alilipiga pasi mpaka likakakamaa. Mkuu wa idara ya fiziotherapia alilitazama, akacheka, akanikabidhi gonio, ile rula yenye bawaba ya kupimia goti linakunjika kiasi gani.

"Mgonjwa akikwambia ana nafuu, mshukuru Mungu pamoja naye," alisema. "Halafu mpime."

Niliipenda kauli hiyo. Kwa wazee tulikuwa na kipimo rahisi: mzee anainuka kitini, anatembea hadi kwenye alama ya chaki, anageuka, anarudi kukaa, nawe umeshika saa. Muda ukipungua wiki hadi wiki, mazoezi yamejibu.

Nilipohamishiwa Muleba nilimpokea Ma Kokugonza, mjane aliyevunjika paja kwa kuteleza kwenye migomba. Alikuwa mtundu wa maneno, aliniita fundi baiskeli. Mfupa uliunga, muda wake ukapungua vizuri kabisa, nikamwambia amepona.

"Nani kapona, waitu, ndugu yangu? Kiti chako hicho mimi nakwenda nacho wapi?"

Nikadhani ananitania. Kumbe kaka mkubwa wa marehemu mumewe alikuwa mahututi kijijini Kaagya, naye hajaenda kumwona. Kwetu Wahaya, mwanamke wa rika lake humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti. Binti zake walimshauri asalimie wima tu, kwa kuwa mzee haoni tena, atajuaje?

"Nimsimamie kichwani kama polisi?" aliniuliza, machozi yakimlengalenga. "Akifa hivyo, mimi nitakuwa nimemuaga nani?"

Mganga mfawidhi alitaka tumruhusu aende nyumbani, maana foleni ilikuwa ndefu. Nilipomwomba muda wa kumfundisha kupiga magoti, aliniuliza, "Fomu yako ina mahali pa kupiga magoti?"

"Haina, mkuu. Lakini mgonjwa ana shemeji."

Alinikazia macho, kisha akacheka. "Haya. Daktari wa mifupa akikubali, endelea."

Alikubali. Tukatandika mkeka, tukaanza upya: mguu mzima mbele, mkono kwenye stuli, shuka, pumua, inuka. Siku alipoinuka bila kushika kitu nililia waziwazi, naye akanicheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu mwenyewe yananung'unika nikienda misa Kashozi. Nyinyi vijana mna vipimo vingi kuliko sisi, vitumieni. Ila kwanza muulizeni mzee anataka kuinuka aende wapi. Mimi nikiikumbuka kazi yangu, nakumbuka chumba kimoja cha Kaagya, maana Ma Kokugonza aliniomba nimsindikize.

Watu walitupisha tulipoingia. Alishuka taratibu kando ya kitanda, akatoa salamu kwa sauti ndogo. Mzee asiyeona akanyoosha mkono. Aliushusha moja kwa moja mpaka mahali panapokuwa kichwa cha mwanamke aliyepiga magoti, na kichwa kilikuwa pale.